Uliza Mama: Ukivaa miwani ya VR ndo utaujua usonji?

Toleo lililopita niligusia, tena kwa mistari miwili tu, habari ya miwani ya VR, ile inayokufunika macho ukajiona uko ndani kabisa ya picha, ambayo watu wanavaa ili waonje japo kidogo dunia ya mtu mwenye usonji (autism kwa Kiingereza) ikoje. Wasomi wa Kiswahili wanaiita uhalisia pepe, mi ntaandika VR tu maana ndo mnavyoandika na nyie. Basi meseji zimemiminika mpaka nimeshindwa kumjibu kila mtu, nimechagua sita. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mi sio daktari, ni mama wa kijana wa miaka 14 mwenye usonji, nakaa Dar, na kabla sijampata nilikuwa nawaangalia watoto wa wenzangu wakigaragara dukani nasema moyoni huyu kakosa fimbo tu.

Dada shikamoo. Mi niko Leicester huku Uingereza mwaka wa saba sasa. Miaka ya nyuma kidogo shule anayosoma mwanangu walituita wazazi wakatuvisha miwani ya kadibodi yenye simu ndani, unaona kama wewe ndo mtoto mwenye usonji umeingia kwenye mol na mama yako. Dakika mbili tu nilikuwa nalia mbele za watu. Mume wangu anasema mpaka leo kwamba yale ni maigizo ya kuchangisha hela, hakuna binadamu anaesikia hivyo. Nani mkweli hapa? (Mama wa wawili, Leicester)

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa machozi. Hiyo uliyoona naijua. Ni ya National Autistic Society, chama ambacho kilianzishwa na wazazi huko huko Uingereza mwaka 1962, na mwaka 2016 wakaja na kampeni kubwa kuhusu kichwa kinachopokea taarifa nyingi kupita kiasi, yaani taa, sauti, harufu, watu, vyote vinaingia kwa pamoja na hakuna geti. Walianza na filamu ya kawaida ya mtoto wa kiume anatembea kwenye mol na mama yake, kisha wakatengeneza toleo la VR ambalo ukigeuza shingo unaona kushoto, kulia, juu, na wewe ndo yule mtoto, wakalizungusha kwenye mol zenyewe. Fikiria umesimama ndani ya mol umevaa miwani inayokuonyesha mol! Na sababu yao ilikuwa nzito: katika utafiti wao zaidi ya asilimia 99 ya watu walisema neno usonji wameshalisikia, ila kwa wenye usonji na familia zao ni asilimia 16 tu walioona kwamba jamii inawaelewa kweli. Wote tunalijua jina, mwenye jina hatumjui.

Sasa mumeo. Hajakosea kila kitu, usimchambe sana. Kampeni ni kampeni, na video inatengenezwa ikushike kooni, sauti ya vitu vidogo inakuzwa mpaka ilingane na ya vitu vikubwa, mwanga unaongezwa, kila kitu kinapandishwa mpaka ufike pale ulipofika wewe pa kulia. Ila kusema hakuna anaesikia hivyo, hapo kachemka. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11, maandiko ambayo ndo yalianza kuupa usonji jina lake la kitaalamu, alishaeleza watoto wanaotishwa na mashine ya kufyonza vumbi, na lifti, na kile kimashine cha kupigia mayai, mpaka upepo. Hiyo ni miaka mingapi kabla ya VR? Na mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliingiza rasmi suala la hisi kwenye vigezo vya usonji. Sio maigizo.

Kuna nyingine ambayo mi naipenda kuliko hiyo ya mol. Gazeti la Guardian la huko huko kwenu mwaka 2017 lilitoa filamu ya VR inaitwa The Party, uko ndani ya kichwa cha binti wa miaka 16, Layla, nyumbani kwao, mama yake anafanyiwa pati ya kushtukizwa ya bethdei. Wageni wanaingia, wanaongea wote kwa pamoja, wanamsogelea, na wewe unasikia anachokiwaza Layla huku wao wanasubiri ajibu. Mawazo hayo yameandikwa na Sumita Majumdar ambaye yeye mwenyewe ana usonji, na ukiangalia unaona kabisa tofauti na ya mol, kwa sababu ile ya mol inakuonyesha kelele, hii inakuonyesha mtu ambaye ana kelele zinamwingia na bado anafikiri, anapanga, anajitahidi, anataka pati ya mama yake iende vizuri.

Ntakwambia yaliyonikuta mimi. Mpwa wangu alirudi safari na miwani yake, akaniweka kwenye kiti cha plastiki sebuleni, akaniwashia hiyo ya pati. Sikufika mwisho. Nilivua, jasho linanitoka, nikasema nipisheni kidogo. Na mwanangu alikuwa palepale kwenye kochi, mikono masikioni kama kawaida yake ya jioni, wala hakuna aliyekuwa anaongea. Sasa lazima mjue kwamba nyumba yetu ilikuwa na vita ya friji. Kila jioni huyu mtoto anachomoa waya wa friji ukutani, mi narudisha, anachomoa, narudisha. Samaki wangapi wameoza, mbaazi za nazi zimechacha, nimepiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza. Miaka miwili! Siku ile, masikio bado yananiwasha kutokana na ile miwani, ndo kwa mara ya kwanza nikalisikia friji langu. Linanguruma, linakata, linatetemeka kidogo, linaanza tena. Mwanangu haongei sana lakini anaandika kwenye simu. Nikampa simu nikamuuliza, friji vipi? Akaandika, "linalia". Basi. Tumelihamishia kwenye korido nyuma ya mlango, na mpaka leo halijachomolewa.

Kwa hiyo mwambie mzee wa nyumba avae na yeye, halafu akimaliza asiulizwe kalia au hakulia, aulizwe kuna nini ndani ya nyumba yenu kinachopiga kelele.

Mama, mimi niko Mombasa. Hiyo video niliiona ila mwanangu ni kinyume kabisa. Yeye kelele ndiyo raha yake, huwasha blenda tupu asikize, huweka sikio kwenye spika ya harusi, na hata alipojikata kidole kwa kisu hakulia. Sasa nimeanza kufikiri labda si usonji, labda daktari alikosea? (Mama wa Mombasa)

Hajakosea kwa sababu hiyo, mwenzangu. Ndo ubaya wa video moja kusambaa sana, watu wanadhani usonji wote uko hivyo. Kile kigezo cha mwaka 2013 nilichosema hapo juu kinataja pande zote mbili, kuna anaezidiwa na hisi na kuna ambaye hisi zinamfikia kwa mbali mpaka azitafute, na kuna ambao ni vyote, sauti inamuua lakini maumivu hayasikii. Huyo wako na kisu muangalie sana, asiyesikia maumivu anaweza kukaa na kidonda au jino bovu mwezi mzima na asikwambie.

Wajapani walilifanyia kazi hili kwa njia iliyonifurahisha. Chuo Kikuu cha Osaka, mtafiti Yukie Nagai na wenzake walitengeneza miwani yenye kamera mbele, kwa hiyo unaona chumba kile kile ulichomo, sio filamu, ila kompyuta inakibadilisha hapo hapo kufuatana na kinachotokea. Na mabadiliko yenyewe hawakuyabuni kichwani, waliwauliza watu wazima wenye usonji unaonaje wewe, lini, kukiwa na nini. Ndo ikaja kwamba kuna wakati mwanga unawazidi, kuna wakati rangi zinapauka, kuna wakati vinakuja vidotidoti kama zile televisheni za zamani zilizokosa stesheni, na hayo hayawi muda wote, yanategemea mwendo wa vitu na sauti iliyopo. Yaani hata mtu mmoja asubuhi na jioni haoni sawa.

Wako anapowasha blenda, yeye ndo kaishika swichi, anajua inaanza lini na inaisha lini. Kumbuka hilo, ntalirudia huko chini kwa ticha wa Tanga.

Sasa Mama. Mimi niko Nairobi, niko na miaka 22 na mimi mwenyewe niko na usonji. Hizi video za VR zinaniboesha. Mtu anavaa dakika tano, anatoa, anafuta machozi, ananiambia pole sana sikujua unateseka hivyo. Mimi siteseki! Niko na kazi, niko na marafiki, napenda maisha yangu. Kwani mtu akivaa gunia kichwani dakika tano amejua maisha ya kipofu? Nyinyi wazazi ndio mnashabikia hii kitu sana. (Msomaji wa Nairobi)

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara nne na nimeamua kuiweka yote bila kukata, hata pale uliponichapa.

Mfano wako wa gunia una utafiti kabisa. Mwaka 2015 kuna wanasaikolojia wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni wajaribu kufanya mambo kidogo kama vipofu, na walipovua wakawa wanawaona vipofu hawawezi kazi wala kujitegemea, kuliko watu ambao hawakufungwa kitambaa! Sababu ukiifikiria ni rahisi tu, aliyefungwa kitambaa anaonja dakika za kwanza za upofu, anajigonga, anamwaga chai, anaogopa. Haonji miaka 20 ya mtu aliyejifunza njia zake. Mwaka 2017 wengine wakafanya na kiti cha magurudumu, na kuziba masikio, na ugumu wa kusoma, wakaona huruma inapanda kweli ila na hofu inapanda, watu wanatoka wanajiona wanyonge, wanawaza isinikute mimi, na jinsi wanavyowachukulia walemavu haijaboreka. Wewe hukuhitaji utafiti kuyajua hayo, nakubali, ila kuna wasomaji wangu hawaamini mpaka waone mwaka na namba.

Na VR ilikuja na maneno makubwa sana. Mtengeneza filamu Chris Milk alisimama mwaka 2015 akaiita mashine ya huruma (empathy kwa Kiingereza) kuliko zote. Kwa Kiswahili neno hilo ndo linatuharibia kabisa, kwa sababu huruma kwetu inashuka, anaehurumia yuko juu, anaehurumiwa yuko chini kashika bakuli. Kwa hiyo mtu wa kwetu akivua miwani akasema nimekuhurumia, kwake ni sifa, kwako ni tusi, na wote wawili mko sahihi kwa lugha yenu.

Kitu kingine ambacho miwani haiwezi kuonyesha ni kwamba tatizo la kuelewana lina pande mbili. Hii kaisema vizuri Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye na yeye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba sio mwenye usonji peke yake anaeshindwa kumsoma mwenzake, na huyu asiye na usonji anashindwa vilevile kumsoma mwenye usonji, sema yeye yuko kwenye kundi kubwa kwa hiyo lawama haimfikii. Mwaka 2020 Catherine Crompton wa Edinburgh na wenzake wakalipima kwa mchezo kama ule wetu wa utotoni wa kunong'onezana kwenye mstari. Watu wanane, wa kwanza anapewa hadithi, anampa wa pili, mpaka wa nane, mnaona kimebaki nini. Mistari ya wenye usonji watupu ilifikisha hadithi sawasawa na mistari ya wasio na usonji watupu. Iliyomwaga hadithi njiani ni ile iliyochanganya! Sasa hapo nani mwenye shida ya mawasiliano?

Mi nilikuwa shabiki kweli, umesema kweli, nilimvisha miwani kila mgeni aliyekuja nyumbani mpaka mpwa wangu akaificha. Kilichonishtua ni mjomba wake mmoja, alivua akaenda kumkumbatia mwanangu kwa nguvu huku analia, na mwanangu hapendi kukumbatiwa, nimeshasema mara mia, akajifungia chooni mpaka saa nne usiku. Yule mjomba alikuwa ametoka kuona dakika saba za mtu anaesogelewa na watu mpaka anashindwa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumsogelea mtu. Hapo ndo nikajua miwani peke yake haitoshi na inaweza hata kuharibu. Siku hizi sivishi mtu kabla hajakaa na kijana wangu, wacheze drafti japo mechi mbili, afungwe kwanza. Maana anafunga, msimuone hivi.

Habari Bi mkubwa. Niko Mwanza. Kuna jamaa anauza miwani ya VR mtandaoni anasema mtoto wa usonji akivaa kila siku nusu saa anapona ndani ya miezi mitatu. Bei laki tisa. Mtoto wangu ana miaka 5. Ninunue? (Baba Mwanza)

Usinunue. Usonji sio malaria, hauna dozi ya kuuponya, na anaekwambia anauponya kwa miwani, kwa maziwa ya ngamia au kwa kufukiza ubani, wote wana namba ya kutumiwa hela kwenye simu. Halafu miaka mitano ni mdogo mno, hata kampuni ya Meta inayotengeneza miwani ya Quest iliweka miaka 13 kwa muda mrefu, mwaka 2023 ikashusha mpaka 10. Chini ya hapo hapana.

Ila nisikufungie mlango wote maana kuna kazi ya kweli imefanyika, na huenda huyo jamaa kaokota kipande chake akakigeuza biashara. Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walishirikiana na kampuni moja yenye chumba ambacho kuta zote zinageuka picha, wanakiita chumba cha bluu, mtoto havai miwani wala nini. Waliwaingiza watoto wa kiume tisa wenye usonji wa miaka 7 mpaka 13, kila mmoja na hofu yake, kuna anaeogopa njiwa, kuna anaeogopa basi lililojaa, mwanasaikolojia yuko naye humo humo anamsogeza taratibu, vikao vinne tu. Matokeo yalitoka mwaka 2014, wanane kati ya tisa waliweza kuikabili ile hali, na wanne hofu ikawaisha kabisa. Sasa soma vizuri baba, iliyoisha ni hofu ya njiwa. Usonji wao walitoka nao vilevile walivyoingia nao, na hakuna aliyetaka kuwavua.

Laki tisa hiyo ni pesa nyingi ya mtaalamu wa kumfundisha mawasiliano mara kwa mara na nauli juu. Anzia hospitali ya rufaa, uliza kitengo cha watoto.

Mama mambo! Nina duka Kariakoo, spika nje kama unavyojua biashara ya huku. Nimesikia Ulaya kuna maduka yana saa ya kimya ya watu wa usonji. Ni kweli au chai? (Kijana wa vifaa vya simu)

Poa mwanangu. Kweli, sio chai. Uingereza ilifanyika kwa mkupuo Oktoba 2017, ni hao hao wa ile kampeni ya mol, maelfu ya maduka yalikubali kwa dakika 60 kupunguza taa, kuzima muziki na kupunguza yale matangazo ya mteja mwenye gari namba fulani. Mi hii ndo naiona faida halisi ya zile video kuliko machozi yote, kwa sababu meneja aliyevaa miwani akasikia duka lake mwenyewe linavyopiga makelele anajua swichi iko wapi na ana mamlaka ya kuizima.

We najua spika huzimi, mwenzio wa kushoto na kulia watakumeza. Ila igeuze mdomo uangalie barabarani sio mlangoni, na mteja akija na mtoto kaziba masikio punguza hata bila kuulizwa. Usimwambie pole. Muuzie chaja.

Shikamoo Mama. Mimi ni ticha wa shule ya msingi Tanga. Nina mtoto darasa la tatu ana usonji, wenzake wanamcheka na walimu wengine wanasema ni jeuri maana kengele ikigongwa anatoka mbio anakwenda kukumbatia mwembe nyuma ya ofisi. Nataka tufanye siku ya VR shuleni, nina simu moja na mtu kaniahidi miwani ya kadibodi. Nianzeje? (Ticha, Tanga)

Marahaba ticha, na Mungu akuweke. Wewe meseji yako nimeiachia nafasi kubwa makusudi.

Kwanza simu. Miwani ya kadibodi, ile ambayo Google waliitoa mwaka 2014, ni boksi tu na lenzi mbili, kazi yote inafanywa na simu yako. Simu nyingi za bei ndogo hazina kile kifaa cha ndani kinachojua umegeuza kichwa kwa ulaini, kinaitwa jairoskopu, matokeo yake picha inagoma kufuata au inarukaruka na mtu anatapika. Jaribu nyumbani kwanza, fungua video yoyote ya kuzungusha, yaani ya digrii 360, zungusha simu mkononi, kama picha haikufuati tafuta simu ya mtu mwingine. Video ishushe kabisa siku moja kabla kwenye waifai ya mtu, usitegemee bando siku ya shughuli, itakwama katikati na kila mtu atadhani kukwama ndo usonji. Hedifoni ni lazima, nusu ya kitu ni sauti. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo kaa pembeni uwaeleze kabla hawajavaa nini kitasemwa, sio wakati wanaangalia.

Anaevaa akae kwenye kiti, asisimame. Mwenye kifafa au kipandauso asivae. Anaetaka kuvua avue saa yoyote, na usimcheke, tena hapo hapo muulize: wewe umevua, yeye anavulia wapi?

La pili, na hapa tutabishana kidogo. Usiwavishe wanafunzi. Watoto wa darasa la tatu ni wadogo kwa miwani, na pia najua watoto, kesho yake watamuigiza mwenzao, watakuwa wanaziba masikio wanaanguka chini wanacheka. Wavishe walimu na kamati ya shule, na mwalimu mkuu awe wa kwanza. Wanafunzi wape kazi nyingine, waandike kila mmoja sauti moja anayoichukia na moja anayoipenda, na huyo mtoto na yeye aandike au achore ya kwake, zibandikwe zote ukutani bila majina. Utashangaa wangapi wanachukia chaki ikikwaruza ubaoni. Kumbe na wao wanazo.

Tatu, kabla ya yote hayo, kaa na mama yake au bibi yake umuulize kama wanaridhia. Usifanye siku ya usonji shule nzima halafu mtoto ni mmoja na wote wanajua ni nani. Na yeye mwenyewe muulize kwa njia yake, kama haongei muonyeshe picha, muonyeshe vitu, aguse. Miwani itakwambia kuna kelele, kelele gani hiyo ni yeye tu anaejua.

Ila nina wasiwasi kwamba wewe jibu unalo tayari na umeliandika kwenye meseji bila kujijua. Hiyo kengele. Nabahatisha kwamba ni ile rimu ya gari iliyoning'inizwa na mtu anaitwanga na chuma, kama shule niliyosoma mimi, na nabahatisha pia kwamba imening'inizwa karibu na darasa la tatu. Nenda kasimame chini yake siku moja mtu akigonga, bila miwani yoyote, halafu simama pale kwenye mwembe nyuma ya ofisi usikie inavyofika pale. Huyo mtoto hana jeuri, kapima shule nzima kwa masikio akapata sehemu moja inayokalika.

Rimu kuhamishwa ni kamba na dakika kumi. Na kama mkuu wa shule hataki ihamishwe basi mwambieni mtoto dakika tano kabla haijagongwa, muonyesheni kwenye saa. Au, na hili ndo nilisema ntalirudia, mkumbuke yule wa Mombasa na blenda yake: mpeni yeye chuma. Awe ndo mgonga kengele. Wangu mimi sauti ya mtu mwingine ikimshtukiza anaruka, lakini mlango anaoubamiza yeye mwenyewe wala hapepesi jicho. Inaweza ikagoma kwa huyo wako, watoto hawafanani, ila jaribuni wiki moja halafu uniandikie kama mwembe bado unakumbatiwa.